Faini hulipwa ikasahaulika, rekodi ya dereva haisahau

DEREVA anaposimamishwa na askari wa usalama barabarani pale Kibaha, Chalinze au Mikumi, swali linalomjia kwanza huwa ni moja: leo nitalipa shilingi ngapi? Akishalipa hurudi kwenye usukani, huwasha gari na kuendelea na safari akiamini kwamba jambo limekwisha.

Kwa upande wa mfuko wake, limekwisha kweli. Kwa upande wa usalama wa barabara, hapo ndipo jambo linapoanza. Kosa moja la mwendo kasi halielezi mengi kuhusu mtu, kwani hata dereva makini huweza kupitiwa. Lakini makosa matano ya aina ileile katika miezi sita yanaeleza tabia, na tabia hiyo ndiyo inayotangulia ajali. Ili tabia ionekane, ni lazima makosa hayo yaandikwe mahali pamoja, kwa jina la mtu mmoja, na yaweze kusomwa na mwenye mamlaka ya kuchukua hatua. Kumbukumbu hiyo ndiyo huitwa rekodi ya dereva.

Makala hii inaeleza rekodi hiyo hutokana na nini, inavyofanya kazi hapa nchini na katika nchi nyingine, na kwa nini mwananchi asiyemiliki hata baiskeli anapaswa kujali kama inatunzwa vizuri au hapana.

Faini inavyoandikwa

Msingi wa mambo yote hapa nchini ni Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo ni Sura ya 168 ya Sheria za Tanzania. Sheria hiyo ndiyo inayoweka kikomo cha mwendo wa kilometa 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilometa 80 kwa saa kwa magari makubwa yenye uzito unaozidi kilo 3,500. Ndiyo pia inayokataza kuendesha chombo cha moto kwa dereva mwenye kilevi kinachozidi miligramu 80 katika mililita 100 za damu.

Makosa mengi ya kawaida humalizwa kwa utaratibu ambao madereva wameuzoea kwa jina la faini ya papo kwa papo. Dereva anayekubali kosa huandikiwa taarifa na kulipa kiasi kilichowekwa, bila kupelekwa mahakamani. Neno la kuzingatia hapo ni "anayekubali". Utaratibu huu umejengwa juu ya ridhaa ya dereva; asiyekubali kosa anayo haki ya kutaka shauri lake lisikilizwe na hakimu. Wengi huiacha haki hiyo kwa sababu ya muda na usumbufu, lakini kuiacha haki hakumaanishi kwamba haipo.

Kwa miaka mingi kiasi kilichozoeleka kilikuwa Sh30,000 kwa kosa. Katika bajeti ya mwaka wa fedha 2021/22, Serikali ilipunguza faini ya pikipiki na bajaji kutoka Sh30,000 hadi Sh10,000 kwa kosa moja. Hoja iliyokuwapo ilikuwa rahisi kueleweka: kijana wa bodaboda ambaye kila jioni anapaswa kupeleka hesabu kwa mwenye pikipiki hawezi kutozwa sawa na mwenye lori la tani 30.

Siku hizi askari huingiza kosa katika mashine ya mkononi, na taarifa huenda moja kwa moja kwenye mfumo wa kompyuta wa Jeshi la Polisi. Mfumo huo hutoa namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo hulipiwa benki au kwa simu ya mkononi. Mwenye gari anaweza kuingia katika tovuti ya mfumo huo, akaandika namba ya gari au ya leseni na kuona anachodaiwa. Hatua hiyo imepunguza hali ya zamani, ambapo vitabu vya stakabadhi vilijaa kabatini na hakuna aliyeweza kusema dereva fulani ameandikiwa mara ngapi.

Deni la gari au la mtu?

Hata hivyo, hapo pana tofauti ambayo wengi hawaioni. Deni linalofuata namba ya gari ni kitu kimoja, na rekodi inayomfuata dereva ni kitu kingine.

Chukua mfano wa daladala la Dar es Salaam. Mmiliki amelikabidhi kwa dereva wake, na dereva naye, akichoka saa nane mchana, humwachia deiwaka afanye mizunguko miwili au mitatu. Deiwaka akipita taa nyekundu pale Mwenge na kosa likaandikwa kwa namba ya gari pekee, mmiliki ndiye atakayekuta deni. Atalipa, kwa sababu gari likikamatwa hakuna hesabu. Kesho deiwaka yuleyule atakuwa katika daladala jingine la njia nyingine, akiwa msafi kama aliyezaliwa jana. Fedha ya Serikali imepatikana, lakini barabara haijapata chochote.

Ndiyo maana mabadiliko ya leseni yaliyoanza mwaka 2010 yalikuwa na uzito. Leseni za zamani za vitabu, ambazo zilikuwa rahisi kughushi na mtu mmoja aliweza kuwa nazo zaidi ya moja, ziliondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na kadi zenye picha na alama za vidole, zinazotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) baada ya polisi kumpima dereva. Lengo mojawapo lilikuwa kwamba mtu mmoja awe na leseni moja, na makosa yake yawe na mahali pa kukaa.

Kwa mabasi ya mikoani, hatua nyingine ilifuata. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyochukua nafasi ya Sumatra mwaka 2019, hufuatilia mwendo wa mabasi kwa vifaa vilivyofungwa ndani ya magari, ambavyo hutoa taarifa basi linapozidisha mwendo. Aidha, mamlaka hiyo imeanzisha utaratibu wa kuwapima na kuwasajili madereva wa magari ya abiria, na kuwapatia kitufe cha utambuzi ambacho dereva hukigusisha kwenye kifaa kabla ya kuondoka. Kwa njia hiyo mfumo haujui tu kwamba basi lilikwenda kilometa 95 kwa saa kati ya Dumila na Gairo, bali unajua nani alikuwa ameshika usukani saa hiyo.

Wenzetu wanavyohesabu alama

Nchi nyingi zimekwenda hatua moja mbele kwa kuyageuza makosa kuwa alama. Jimbo la Connecticut nchini Marekani hutajwa kuwa la kwanza kutumia utaratibu huo, mwaka 1947. Tangu hapo umeenea Ulaya, Asia na kwingineko.

Ujerumani ilianzisha daftari kuu la makosa ya barabarani mwaka 1958 katika mji wa Flensburg, karibu na mpaka wa Denmark. Alama ziliongezwa mwaka 1974, na mwaka 2014 utaratibu mzima ulirekebishwa. Chini ya utaratibu huo, dereva akifikisha alama 4 hupewa onyo la maandishi, akifikisha 6 onyo kali zaidi, na akifikisha 8 hunyang'anywa leseni. Alama hazikai milele. Kosa dogo hufutwa baada ya miaka miwili na nusu, kubwa zaidi baada ya miaka mitano, na lile la jinai lililomfanya mtu anyang'anywe leseni baada ya miaka 10.

Uingereza nayo hutumia alama za adhabu. Kuzidisha mwendo huleta alama 3 hadi 6, na kushika simu wakati wa kuendesha huleta alama 6 na faini ya pauni 200 tangu Machi 2017. Anayefikisha alama 12 ndani ya miaka mitatu kwa kawaida huzuiwa kuendesha kwa muda usiopungua miezi sita. Dereva mpya hana hata nafasi hiyo: akifikisha alama 6 ndani ya miaka miwili tangu afaulu mtihani, leseni hufutwa na humlazimu kuanza upya kama mwanafunzi. Kosa la ulevi hubaki katika rekodi kwa miaka 11.

Ufaransa ilianza mwaka 1992 kwa njia ya kinyume. Badala ya kuongeza alama, dereva hupewa mtaji wa alama 12, na kila kosa hupunguza. Zikiisha, leseni haina kazi. Italia ilifuata mwaka 2003 kwa mtaji wa alama 20.

Faida ya alama juu ya fedha ni kwamba alama hazimjui tajiri wala maskini. Sh30,000 ni ujira wa siku nyingi kwa mmoja, na kwa mwingine ni bei ya chakula cha mchana. Yule wa pili anaweza kukamatwa kila wiki na kulipa huku akitabasamu. Lakini leseni ni moja kwa kila mtu, na ikienda imekwenda. Finland imejaribu kulitatua tatizo hilo kwa njia nyingine, yaani kutoza faini kulingana na kipato. Mwaka 2002 mkurugenzi mmoja wa kampuni ya Nokia alitozwa zaidi ya euro 116,000 kwa kuendesha pikipiki kilometa 75 kwa saa katika eneo la kilometa 50, ingawa baadaye mahakama iliipunguza sana faini hiyo.

Je, alama hupunguza ajali?

Jibu ni ndiyo, lakini kwa masharti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Seville nchini Hispania walikusanya tafiti zilizofanywa katika nchi mbalimbali na kuchapisha matokeo yao mwaka 2012. Walikuta kwamba nchi zinapoanzisha alama, ajali, vifo na majeruhi hupungua kwa asilimia 15 hadi 20 mwanzoni. Hata hivyo, nafuu hiyo huelekea kuyeyuka katika muda usiofika miezi 18 iwapo hakuna usimamizi wa kuendelea. Madereva huogopa kwanza, halafu hugundua kwamba uwezekano wa kukamatwa ni mdogo, na kila mmoja hurudi katika mazoea yake.

Kwa maneno mengine, daftari peke yake si tiba. Linahitaji jicho barabarani na mkono unaoandika kwa haki.

Hapo ndipo suala la rushwa linapoingia, nalo huzungumzwa kwa kawaida kana kwamba hasara yake ni fedha zisizofika Hazina. Hasara kubwa zaidi iko kwingine. Dereva anapomalizana na askari palepale kando ya barabara kwa kitu kidogo, kosa halikuandikwa popote. Mwajiri wake hatalijua, kampuni ya bima haitalijua, na askari wa kituo kinachofuata atakutana na mtu ambaye kwenye kumbukumbu hana doa. Ikiwa dereva huyo amefanya hivyo mara 20 kati ya Dar es Salaam na Mbeya, basi abiria 60 walio nyuma yake wanasafiri na mtu ambaye historia yake imefutwa kwa noti za elfu tano.

Kwa nini mwendo kasi huwa wa kwanza

Madereva wengi hulalamika kwamba askari wameng'ang'ania tochi, na kwamba mtu huandikiwa kwa kuzidisha kilometa 5 au 6 tu. Malalamiko kuhusu mahali tochi zinapofichwa yanaweza kuwa na hoja. Lakini hesabu ya mwendo haina huruma.

Gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa hukata takribani mita 14 katika sekunde moja. Linalokwenda kilometa 80 hukata mita 22. Dereva wa kawaida huhitaji sekunde moja au zaidi ili aone hatari na kufikisha mguu kwenye breki, na katika sekunde hiyo gari halijapunguza hata kidogo. Baada ya hapo, umbali wa kusimama hukua kwa kasi kuliko mwendo wenyewe: ukizidisha mwendo mara mbili, umbali wa breki huongezeka mara nne.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), ongezeko la asilimia 1 katika mwendo wa wastani huongeza hatari ya ajali ya kuua kwa asilimia 4. Shirika hilo linaeleza pia kuwa hatari ya kufa kwa mtembea kwa miguu aliyegongwa na gari huongezeka mara 4.5 mwendo unapopanda kutoka kilometa 50 hadi 65 kwa saa. Mtoto anayevuka barabara ya Morogoro kwenda shule hajui vikomo hivyo. Anamtegemea dereva avijue kwa niaba yake.

Takwimu za shirika hilo zilizotolewa mwaka 2023 zinaonyesha kuwa watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Asilimia 92 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ingawa nchi hizo zina takribani asilimia 60 tu ya magari yote. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na watumiaji wa pikipiki.

Abiria naye ana nafasi yake

Rekodi huandikwa na askari, lakini dereva hubadilishwa pia na watu walio ndani ya gari. Nchini Kenya, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown cha Marekani walibandika ndani ya matatu za masafa marefu vibandiko vinavyowahimiza abiria kumkemea dereva anayeendesha ovyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa madai ya bima kutoka kwa magari hayo yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili, yakilinganishwa na magari yasiyo na vibandiko. Karatasi ya bei ndogo, pamoja na sauti ya abiria, ilifanya kazi ambayo vizuizi vingi vya barabarani havijaifanya.

Jambo hilo linagusa desturi ya hapa kwetu. Katika mabasi mengi, abiria anayelalamikia mwendo huambiwa na wenzake kwamba kama anaogopa ashuke. Wengine huwashangilia madereva wanaolipita kila gari, na dereva akifika mapema husifiwa kuwa ni "kichwa". Sifa hizo haziandikwi katika daftari lolote, ingawa zina sehemu katika ajali nyingi.

Mambo ya kukagua

Kwa dereva na mmiliki wa chombo cha moto, yafuatayo yafaa kuzingatiwa:

Kwanza, taarifa ya kosa isomwe kabla ya kukubaliwa. Iangaliwe namba ya gari, namba ya leseni, mahali, saa na kosa lenyewe. Asiyekubaliana nayo aseme hapohapo, kwa lugha ya staha, kwamba angependa shauri liende mahakamani.

Pili, malipo yafanywe kwa namba ya kumbukumbu pekee, kamwe si kwa fedha taslimu mkononi, na ujumbe au stakabadhi ya malipo ihifadhiwe. Deni lisilolipwa kwa wakati huongezeka.

Tatu, mmiliki ajizoeze kukagua deni la gari lake katika mfumo wa polisi walau mara moja kwa mwezi. Deni asilolifahamu humwambia jambo kuhusu dereva aliyemwajiri.

Nne, anayenunua gari lililotumika akague deni kabla ya kulipa bei, na anayeuza ahakikishe umiliki umehamishwa TRA. Gari lililouzwa kwa mdomo huendelea kumwandikia makosa mwenye jina kwenye kadi.

Tano, mwajiri wa dereva asitosheke na kuiona leseni. Aikague uhalali wake, daraja lake na makosa yaliyoandikwa, na aulize kwa nini aliacha kazi ya mwisho. Nchini Uingereza mwajiri hupewa na dereva namba ya siri ya kufungulia rekodi yake, ambayo hutumika kwa siku 21. Hapa kwetu, maswali machache na dakika 10 kwenye simu vinaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo.

Kabla, si baada

Mei 6, 2017, basi lililokuwa limebeba wanafunzi wa shule ya msingi kutoka Arusha liliacha njia katika mteremko wa Rhotia, wilayani Karatu, na kutumbukia korongoni. Wanafunzi 32, walimu wawili na dereva walipoteza maisha. Taifa lilisimama. Majeneza yalipangwa katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na baada ya hapo vyombo vya sheria vikaanza kuuliza maswali kuhusu basi, kibali na idadi ya waliokuwamo.

Maswali hayo yalikuwa ya haki, lakini yalikuja baada ya mazishi, kama yanavyokuja karibu katika kila ajali kubwa. Faini, vibali, ukaguzi na rekodi ya dereva vimewekwa ili maswali hayohayo yaulizwe asubuhi, kabla gari halijawashwa, wakati jibu baya bado linaweza kumfanya mtu abaki nyumbani.

Dereva anayeandikiwa kosa leo ana haki ya kukasirika kidogo; fedha ya faini si ya kuokota. Lakini karatasi ile ikiandikwa kwa ukweli, ikaingia kwenye mfumo kwa jina lake na ikasomwa na wanaopaswa kuisoma, inaweza kumrudisha katika mstari kabla hajafika mahali ambapo hakuna faini inayotosha.